Mtoto akivamiwa na nyuki: usisahau kuangalia mkojo

Nimekuwa muuguzi wa watoto hapa Nairobi kwa miaka mingi. Juzi jirani alinipigia simu akilia, nikamwelekeza hivi.

Hatua ya 1. Mbebe, kimbia, ingia ndani, funga mlango. Kuwapunga nyuki kunawachokoza zaidi.

Hatua ya 2. Kwangua miiba kwa ukucha papo hapo. Kifuko cha sumu huendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka. Usitafute kibanio.

Hatua ya 3. Sikiliza pumzi. Sauti ikikwaruza, kifua kikilia filimbi, ulimi ukivimba au mtoto akilegea, huo ni mzio mkali, hata akiwa ameumwa na nyuki mmoja tu. Piga 999 au 112, au mkimbize kwa gari lolote. Anahitaji sindano ya adrenalini ya paja, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Piriton haifungui koo. Mlaze; lakini akihema kwa shida, mketishe. Asitembee.

Hatua ya 4. Hesabu miiba, kisha chunga mkojo. Hapa ndipo nilipokosea. Mvulana wa miaka saba aliletwa na miiba 63, mingi ikiwa kichwani, katikati ya nywele. Pumzi ilikuwa safi, akaomba mandazi, jioni tukamruhusu aende nyumbani. Kesho yake mama alirudi na chupa ya mkojo uliokuwa mweusi kama strungi. Sumu ikiwa nyingi huvunja misuli na kupasua chembe nyekundu za damu, na mabaki hayo huziba figo. Dalili zaweza kuchelewa siku moja, mbili, hata tatu. Alisafishwa damu kwa mashine kabla figo hazijaamka.

Kwa hiyo mtoto mwenye miiba 50 au zaidi simruhusu kulala nyumbani, hata akicheza. Akiwa mdogo sana, hata miiba ikiwa chini ya hapo namlaza hospitalini. Omba vipimo vya figo, potasiamu na misuli, virudiwe kesho yake. Mkojo ukingwe kwenye kikombe cheupe, maana ndani ya choo cha shimo huoni rangi. Ukiwa wa kahawia, ukipungua, au uso ukivimba asubuhi, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Kwa maumivu mpe paracetamol. Ibuprofen na diclofenac ziache kabisa, zinaumiza figo ambazo tayari zinahangaika. Maji ya dripu yaamuliwe na daktari, kwa sababu figo zikishafunga, maji mengi huishia mapafuni.

Hatua ya 5. Aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni apelekwe hospitali hata kama anaongea vizuri.