Kujenga dunia ya mchezo wa kuigiza wahusika kutoka hadithi za pwani: anza na masharti

Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani, hakuwa akiingiwa na mkuki wala mshale. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba, nayo lazima imchome kitovuni. Kila nikikaa na mtu anayetaka kutunga dunia yake ya mchezo humwanzia hapo, maana wengi huja na daftari lililojaa viumbe: jini huyu ana nguvu kiasi hiki, zimwi lile lina vichwa saba. Viumbe hao ukiwavua majina hujui tena wametoka nchi gani. Sindano ya shaba ukiisikia tu, unajua uko wapi. Hadithi zetu zimesimama juu ya masharti, na dunia ya mchezo inayotokana nazo ijengwe kwa masharti hayo kwanza. Viumbe watafuata wenyewe.

Naongoza mchezo huu nyumbani Tanga, Ijumaa usiku baada ya isha, na sasa ni mwaka wa sita. Tunakaa jamvini watu watano: msimulizi mmoja na wachezaji wanne, kila mmoja akiishi ndani ya mhusika wake. Utaratibu ufuatao ndio nilioutumia kujenga dunia yetu ya sasa, kisiwa cha kubuni tunachokiita Makupwa.

Hatua ya 1: Chagua pwani moja na hadithi tatu

Usibebe bara zima. Hadithi tatu zinatosha kwa mwaka mzima wa kucheza. Mimi nilichagua ya Liyongo, ya kununuliwa kwa Kilwa, na ya Nunda mla watu, ambayo Edward Steere aliichapisha pamoja na hadithi nyingine za Unguja mwaka 1870.

Ukishachagua, tafuta matoleo yanayopingana. Chukua Kilwa. Habari zake za kale zinasema mgeni kutoka Shiraz alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote, na mwenye kisiwa akahamia bara. Wakati ule maji yakitoka watu walivuka kwa miguu, kwa hiyo aliyeuza angeweza kurudi na jeshi. Hapo masimulizi yanaachana. Moja linasema wageni walichimba mkondo mpaka kivuko kikawa hakipitiki. Jingine, linalomtaja mwenye kisiwa kwa jina la Mrimba, linasema ilisomwa dua na kutolewa kafara, bahari ikajaa na haikutoka tena.

Usiamue lipi ni sahihi. Mpe kila upande wa dunia yako toleo lake. Huko Makupwa, watu wa mjini wanaamini babu zao walichimba. Watu wa ng'ambo wanaamini bahari ilifungwa, na kwamba kilichofungwa hufunguka. Mgogoro wa mwaka mzima tuliupata hapo, bila kubuni adui hata mmoja.

Hatua ya 2: Chambua sharti

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Mimi huipa wiki mbili.

Chora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza: kizuizi, yaani jambo lisilowezekana. Ya pili: mlango, yaani njia moja tu inayolifanya liwezekane. Ya tatu, ambayo wengi huisahau: nani anaujua huo mlango.

Tuiweke hadithi ya Liyongo humo, kama alivyoitunga kwa utenzi Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kizuizi: hauawi kwa silaha. Mlango: sindano ya shaba, kitovuni. Anayejua: yeye mwenyewe, na yeyote atakayemwambia. Sasa angalia nguvu ya hiyo safu ya tatu. Mfalme wa Pate ana askari, ana mali, na vyote havimsaidii kitu. Inambidi amtafute mtu ambaye Liyongo hawezi kumnyima jibu, naye ni mwanawe. Anamwahidi kijana cheo na binti wa kuoa. Baba anahisi swali linakoelekea, na bado anajibu.

Kwa msimulizi, somo la hapo ni la kiufundi kabisa: siri za dunia yako zisikae kwenye vitabu vya kale wala mapangoni. Zikae kwa watu, na kila mtu awe na sababu ya kuzisema na sababu ya kuzificha. Mchezaji akitaka kujua mlango, aende kwa mtu: kwa mama, kwa somo yake, kwa mjomba aliyegombana naye.

Hadithi hiyohiyo ina sharti dogo ninalolipenda kuliko lile kubwa. Liyongo amefungwa, na mama yake anamtumia chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Chakula kizuri walinzi wanakila. Basi mama anaoka mkate wa wishwa, ndani yake anatia tupa. Walinzi wanauona ni mkate wa makapi, wanaupitisha. Kisha Liyongo anataka ichezwe ngoma ya gungu, kwa pembe na matoazi, ili kelele zifunike sauti ya tupa ikikata chuma. Andika: kizuizi, walinzi wanakagua kila kitu; mlango, hawagusi wanachokidharau. Sharti hilo limetumika Makupwa mara nyingi. Wachezaji wangu wamevusha barua ndani ya kifurushi cha dagaa waliooza, na mtoto wa mfalme ndani ya pakacha la makumbi.

Kusanya masharti kumi na mawili namna hii kabla ya kuchora chochote.

Hatua ya 3: Chora ramani mbili

Kisiwa kimoja, ramani mbili: maji yakijaa na maji yakitoka. Ukiwa na moja tu umechora kisiwa cha watu wasioijua bahari.

Maji hujaa na kutoka mara mbili kwa siku, takriban saa sita kujaa na saa sita kutoka, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua, maji yanapojaa na kutoka kuliko siku nyingine. Pwani yetu tofauti ya kina wakati huo hufika karibu mita 4. Katikati ni maji mafu. Huhitaji hesabu zaidi ya hizo. Nimechora duara la siku 29 pembeni mwa ramani, na kila tukianza kucheza nasogeza punje ya choroko siku moja au zaidi. Kivuko cha Makupwa hupitika kwa miguu siku za bamvua tu, kwa saa mbili hivi. Mchezaji akisema, "Tunavuka," namwonyesha choroko. Akiwa amechelewa, sihitaji kumletea joka. Maji yanamfuata nyuma.

Kisha weka pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuvirudisha. Katika dunia yako hii ina maana kwamba mgeni aliyeukosa upepo atakaa miezi mingi, ataoa, atakopa, atajua siri za mji. Wahusika wawili kati ya wanne wa mwaka huu ni watu wa namna hiyo. Na vyombo viwe mitepe, iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Hapo pana sharti linaloning'inia lenyewe: Makupwa, chombo chenye msumari hakivuki mwamba wa kaskazini. Kwa nini, watafute wachezaji.

Hatua ya 4: Majini, na mahali pa kusimama

Jini wa pwani ana makao, ana harufu anayoipenda na anayoichukia, na ana kiti, yaani binadamu anayempanda. Yote matatu ni masharti tayari. Kwa kila jini andika mistari mitano: anakaa wapi, anataka nini, anakataa nini, kiti chake ni nani, na ahadi gani haijatimizwa. Mfano wa kwetu, jina la kubuni:

Sikimaji. Anakaa kisima cha mwisho cha mji. Anataka marashi ya waridi na nyimbo za arusi. Hataki shaba iguse maji yake. Kiti chake ni Bi Mwanaisha, mfua nguo wa jumbe. Aliahidiwa nguo nyeupe na babu wa jumbe; hakupewa.

Zingatia kwamba sijaandika nguvu zake. Wachezaji wakivunja sharti, kisima kinakauka au kinatoa chumvi. Wakimlipa nguo yake, anasema analolijua. Hakuna anayepigana naye.

Sasa jambo ambalo naomba ulichukulie kwa uzito. Huku kwetu haya hayajawa masalia. Mwaka wetu wa kwanza nilitumia jina la jini ambalo, bila mimi kujua, linaitwa kwenye ngoma za nyumbani kwa mchezaji mmoja. Aliweka chini kauri tunazorusha badala ya dadu, akaaga, akaondoka. Kesho yake nilikwenda kwao nikaomba radhi mbele ya mama yake, naye alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo majina yote ni ya kubuni, aya za Kurani hazitumiki kama silaha ya mchezo, na popobawa, kiumbe wa kutisha wa usiku, haingii kabisa. Mwaka 1995 watu wa Pemba, kisha Unguja, walilala nje kwa makundi kwa kumwogopa, na wengi waliopitia siku zile wako hai, pengine wamekaa jamvini nawe.

Hivyohivyo kwa vigango vya Wagiriama. Ni miti ya kumbukumbu ya marehemu, na mingi imeibwa na kuuzwa ng'ambo. Usiifanye hazina ya kuchukuliwa. Ukitaka iwemo, safari iwe ya kuirudisha.

Hatua ya 5: Kauri badala ya dadu

Rusha kauri sita, hesabu zilizoangukia mdomo juu. Tatu zinatosha kwa jambo la kawaida, nne kwa jambo gumu. Kama kila kauri ina nafasi sawa, tatu au zaidi huja takriban mara mbili katika kila tatu, na nne au zaidi mara moja katika tatu. Lakini kauri haziangukii sawasawa, hasa zilizokatwa mgongo kwa ajili ya kutungwa. Zirushe zako mara mia moja, andika matokeo, ndipo upange viwango.

Aliyetimiza sharti huongezewa kauri ya saba. Moja hiyo huipandisha nafasi ya kupata nne kutoka thuluthi hadi nusu, nayo huhisiwa mkononi. Anayevunja sharti hapunguziwi kitu. Anaandikiwa deni kwenye karatasi yake, na deni hulipwa siku ambayo mimi naichagua.

Hatua ya 6: Kitisho kinachokua

Nunda alianza akiwa paka wa sultani. Akala ndama, watu wakashtaki, sultani akajibu paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watu, na jibu likawa lilelile, mpaka siku alipokula watoto wa sultani mwenyewe. Hadithi hiyo inakupa ngazi zote za kitisho chako. Andika hatua tano, na kando ya kila moja andika anayemlinda na kwa neno gani. Makupwa, mnyama hapandi ngazi kwa kula. Hupanda kila mtu mkubwa anapomtetea hadharani. Hivyo wachezaji wana kazi mbili, ya porini na ya barazani, na ya barazani ndiyo iliyowashinda mwaka jana.

Hatua ya 7: Usiku wa kwanza

Fungua kwa sharti moja tu, dogo, na mtu mmoja anayelijua. Sisi tulianza kisimani, alfajiri, maji yamegeuka chumvi. Nakiandika kipande hiki kama kilivyokwenda, uone mwendo wake.

Mchezaji: "Namkaribia yule mama anayefua. Shikamoo, Bi Mwanaisha."

Mimi: "Marahaba, mwanangu. Ndoo yako ya nini asubuhi yote hii, nawe wajua hapa hapanyweki?"

"Ya shaba, bibi. Ya nyumbani."

"Anaacha kufua. Hakutazami wewe, anaitazama ndoo. Anasema: Iweke mbali. Huko, chini ya mkungu. Mbali zaidi."

Mchezaji aliinuka kweli, akabeba bilauri ya maji iliyokuwa mbele yake, akaenda kuiweka kwenye kizingiti cha mlango. Wenzake wakanyamaza. Akarudi, akakaa, akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, ni nani aliyeahidiwa nini hapa?"

Nikamkabidhi kauri saba.