Jinsi ya kumsaidia mgonjwa wa kiharusi kuinuka kwenye kiti bila kumvuta mkono

Juzi nimeenda kwa bibi mmoja, kiharusi kimempiga upande wa kushoto, nikamkuta binti yake anamvuta ule mkono uliolegea ili ainuke. Jamani msifanye hivyo. Misuli inayoshikilia bega imelegea, ukivuta linachomoka kidogo kidogo na maumivu yake yatamnyima usingizi.

1. Kiti kiwe cha mbao, kizito, chenye mikono. Cha plastiki kinateleza, na sofa ndo kabisa, linammeza mtu.

2. Asogee ukingoni, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti.

3. Ainame mbele. Hapa ndo tulipokwama siku nyingi na wagonjwa wangu wa mwanzo, mtu anajaribu kuinuka wima wima, anarudi chini puu, na mimi namwambia "jitahidi mama" kumbe shida siyo juhudi. Ubongo ukiamuru mwili usogee unatuma pia amri ya kuuweka sawa usianguke, na hiyo mara nyingi inatangulia. Jaribu, simama ushike nyuma ya paja lako halafu inua mkono wa pili mbele kwa haraka, paja linakaza wakati aliyeinuka ni mkono! Sasa kiharusi kinavuruga hayo maandalizi, ndo maana mgonjwa akiinama anahisi anadondoka, anajirudisha nyuma. Kwahiyo usimwambie "inuka", mwambie "bibi, pua ipite vidole vya miguu". Weka stuli mbele yake, ashikanishe viganja vyake viwili, ateleze mikono juu ya stuli kwenda mbele mpaka makalio yawe mepesi. Wewe kaa upande uliolegea, kiganja juu ya goti lake bovu, maana atataka kuegemea mguu mzima peke yake na ule mwingine hautajifunza. Akisema kizunguzungu arudi akae kwanza, presha inaweza kuwa imeshuka.

(Binti aliuliza mbona daktari kasema ubongo umeumia kulia. Ni sawa, nyuzi nyingi za neva za mwendo zinavuka upande wa pili pale chini ya ubongo, kabla hazijaingia uti wa mgongo.)

4. Asukume sakafu kwa miguu yote miwili, asimame.

5. Akae polepole, asijibwage. Halafu tena. Bibi yule tumeanza na blanketi limekunjwa mara nne juu ya kiti ili kiwe kirefu, kila akizoea tunapunguza mkunjo mmoja.