SOMO: Kuvisha nyuzi mandolini kuukuu (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Swali ni lile lile kila wiki: "Nimepata mandolini ya babu, niweke nyuzi gani?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Ijue unayo ipi. Igeuze. Mgongo uliotuna kama nusu ya kibuyu, umeungwa kwa vipande vyembamba vya mbao: hiyo ni ya mtindo wa Napoli, Italia, hata kama ilitengenezwa Chicago. Mgongo bapa au uliochongwa kama wa fidla: hiyo ni ya ukoo wa Gibson, kampuni ya Marekani. Kisha pima kutoka mfupa wa kichwani (kijiti chenye mifereji ya nyuzi) hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya shingoni), uzidishe mara mbili. Napoli inatoa kama sm 33, Gibson kama sm 35. Ukipata sm 40 na zaidi, hiyo ni mandola, dada yake mkubwa.

2. Nunua nyuzi nyembamba. Hapa ndipo niliharibu, na ndipo wengi mnapoharibu. Seti nyingi zinazouzwa zinaanzia unene wa inchi 0.011 kwa E, uzi mwembamba kabisa, na kuishia 0.040 kwa G, ulio mnene kabisa. Hizo zinafaa mandolini nzito za Kimarekani za uso uliochongwa. Kwa ya Napoli tafuta seti ya 0.009 hadi 0.032 au jirani na hapo. Piga hesabu: kwenye sm 33, uzi wa E wa 0.009 unavuta kama kilo 6, wa 0.011 unavuta zaidi ya 9. Na nyuzi ziko nane, jozi nne. Ubaya wake ni kwamba mandolini haivunjiki siku hiyo. Inapiga vizuri wiki mbili tatu, huku uso unadidimia polepole kati ya tundu na daraja (kijiti kinachobeba nyuzi juu ya uso). Kisha nyuzi zinaanza kukwaruza freti za juu, mwenyewe anainua daraja, mgandamizo unaongezeka, uso unazama zaidi.

Weka rula juu ya uso kabla ya kununua chochote. TAHADHARI: mandolini ya Napoli ina mkunjo wa makusudi, uso unainama kuelekea mkiani kuanzia karibu na daraja. Huo si ugonjwa, usimpelekee fundi akaunyooshe. Ugonjwa ni bonde lililo mbele ya daraja.

3. Usivue nyuzi zote kwa mpigo. Daraja halijagundishwa, linashikiliwa na nyuzi tu. Weka alama ya penseli laini kwenye miguu yake, kisha badilisha jozi moja moja.

4. Funga. Kitanzi kwenye ndoano ya mkiani, kikandamize kwa kidole kisichomoke, mizunguko mitatu kwenye kigingi. Ncha ikate baadaye, uzi ukishavutika.

5. Tyuni. G, D, A, E, kama fidla: hezi 196, 293.7, 440, 659.3. Zipandishe zote kwanza hadi F, C, G, D, yaani toni moja chini, uache saa moja, ndipo umalizie. Katika kila jozi, bana mmoja kwa kidole utyuni mwenzake, kisha fungua usikilize. Sauti ikiyumba "wau-wau", bado. Uzi ukipitiliza juu, ushushe chini kabisa upande nao tena. Ukiutegeshea kwa kushuka utalegea wimbo haujaisha. Uking'ang'ania mfupani na kuruka kwa "tik", sugua mfereji wake kwa ncha ya penseli.

6. Hakiki daraja. Gusa uzi juu ya freti ya 12 utoe mlio wa kengele, kisha ubonye hapo hapo upige. Ukibonya ukawa juu kuliko kengele, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ukiwa chini, lilete shingoni. Legeza kidogo kabla ya kusogeza.

MASWALI

kamba_nane: Mkuu, sijasoma yote, niko kazini. Yangu ina mgongo wa mviringo. Niweke namba ngapi?

Jibu: Hatua ya 2.

kamba_nane: Nishaweka 0.011 na haina shida.

Jibu: Tangu lini?

kamba_nane: Jumamosi.

Jibu: Legeza leo.

pwani_kavu: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu nyuzi za mandolini hazipatikani, za gitaa zipo tele. Kuna namna?

Jibu: Marahaba. Ipo, na ni nzuri. Nunua uzi mmoja mmoja badala ya seti: wa 0.009 au 0.010 kwa E, 0.013 kwa A, wa kuviringishwa wa 0.020 hadi 0.024 kwa D, na 0.032 kwa G. Uzi wa gitaa una kishanga cha shaba mkiani. Kibane kwa plaizi upande wa ukingo hadi kipasuke, utabaki na kitanzi tayari. Vaa miwani, kile kishanga kinaruka kama risasi. Na kwa kuwa uko pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Jasho na hewa ya chumvi zinazila upesi.

sauti_ya_nne: Yangu ina jozi sita, vigingi vya mbao, na daraja limegundishwa. Karatasi ya ndani imefutika. Nimeshika waya mkononi, nisubiri?

Jibu: Subiri, na ahsante kwa kuuliza kabla. Hiyo inaelekea kuwa ya Lombardia, ile ya Milano. Haikujengwa kwa waya. Ilivishwa nyuzi za utumbo. Waya utang'oa daraja. Siku hizi watu huweka nailoni. Inatyuniwa G, B, E, A, D, G. Vigingi vikiteleza, paka chaki. Vikikwama, sabuni kavu.

mzee_wa_fidla: Nauziwa Gibson, karatasi iliyobandikwa ndani inasema 1912, ina kifuniko kidogo cha skrubu kichwani. Ni ya kweli?

Jibu: Kifuniko kile kinaficha fimbo ya chuma ya kurekebishia shingo. Gibson walianza kuiweka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ama karatasi ni ya kubandikwa, ama shingo ilibadilishwa. Karatasi ni gundi tu, kaka, soma mbao. Hata zile Gibson za aina ya F-5 zenye sahihi ya mhandisi wao Lloyd Loar, za 1922 hadi 1924, karatasi zake zinaigwa.

tufe_tufe: Na hii yenye vitufe kama taipu, shingo hakuna? Nyumbani wanaiita mandolini.

Jibu: Hiyo ni taishokoto. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na taarabu ya Mombasa inaijua vizuri. Nyuzi zake huchagui kwa somo hili. Weka picha ya upande wa vigingi, tuhesabu nyuzi kwanza.

kamba_nane: Nimelegeza. Rula inaonyesha bonde la karibu milimita moja.

Jibu: Iache bila mvuto mwezi mzima, upime tena. Usiinue daraja.