Injini Inagonga? Soma Plagi Kabla Hujazitupa

Gari linapanda mlima wa Kitonga, umeng'ang'ania gia kubwa na kukandamiza mafuta, mara unasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Hiyo ni detonesheni. Cheche ya plagi imeshawasha mchanganyiko wa hewa na petroli, lakini kabla moto haujafika pembeni mwa silinda, sehemu iliyobaki inalipuka yenyewe kwa joto na mgandamizo. Wengi hukimbilia kununua plagi mpya. Anza na hizo za zamani.

1. Acha injini ipoe kabisa. Silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) nyingi ni za alumini, na ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kung'oa nyuzi za hedi. Puliza vumbi kwa upepo kwanza.

2. Zipange kwa namba za silinda. Ikiumia moja tu, shuku nozeli (inayonyunyiza petroli) iliyoziba au gasketi inayoingiza hewa upande huo. Zikiumia zote, shuku mafuta, taimingi (wakati wa cheche kuwaka) au joto.

3. Chukua tochi na lenzi, na hapa usiwe na haraka. Tazama kaure nyeupe inayozunguka elektrodi ya katikati (ncha ya chuma inayotoa cheche). Vidoa vidogo vyeusi ni dalili ya mapema. Punje zinazong'aa rangi ya fedha ni mbaya zaidi: hiyo ni alumini ya pistoni, ina maana pistoni imeanza kuliwa. Ncha ya kaure ikiwa imepasuka au kumeguka, mapigo ya mlipuko yameifikia. Ila uliza nani aliifunga mara ya mwisho, maana kuna mafundi wanaotanua gepu (nafasi ambamo cheche huruka) kwa kuegemeza bisibisi kwenye elektrodi ya katikati, na kaure hupasuka hivyohivyo. Elektrodi ikiwa imeyeyuka, tatizo ni mchanganyiko kuwaka kabla ya cheche. Usiliendeshe gari tena, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).

4. Tafuta chanzo. Mimi huanza na rejeta, feni na thamostati, kwa sababu joto ndilo rahisi kulikagua. Kisha taimingi iliyowahishwa mno, filta ya petroli iliyoziba au pampu iliyochoka (petroli ikipungua, joto la silinda hupanda), masizi juu ya pistoni, na petroli ya okteni (uwezo wa kutolipuka yenyewe ikigandamizwa) ndogo kuliko inayotakiwa. Kwenye magari yenye sensa ya kugonga, kagua na waya wake.

5. Funga plagi za namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Kwa NGK, namba ikiongezeka plagi ni ya baridi zaidi, yaani hutoa joto lake haraka zaidi. Kwa Bosch ni kinyume, na hapo watu huchanganya. Plagi ya baridi haitaondoa ugonjwa wa taimingi. Anza kukaza kwa vidole, malizia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza).

6. Baada ya kilomita mia kadhaa zifungue tena. Punje za fedha zikirudi, usibadilishe plagi nyingine. Fungua hedi uitazame pistoni.