Somo: Usinunue mng'aro, nunua fedha iliyobaki

Habari zenu wote. Leo tuzungumzie vyombo vya kupakulia vya zamani vya fedha ya kuchovya, yaani vya madini mengine vilivyopakwa utando wa fedha (silva) juu: upawa wa supu, kijiko kikubwa cha mchuzi, kisu kipana cha samaki na uma wake, koleo la sukari. Vingi vililetwa Uganda na maofisa wa Kiingereza, vingine vilikaa kwenye makabati ya familia za Kihindi mpaka Amin alipozifukuza 1972. Siku hizi utavikuta soko la Owino, Kampala, ndani ya ndoo, vimechanganyika na vya stenlesi, na muuzaji hajui tofauti. Wakati mwingine anaijua vizuri sana.

Hatua ya 1: Geuza mgongo, soma mihuri. Ukiona EPNS (electroplated nickel silver), hiyo ni aloi ya nikeli iliyochovywa fedha kwa umeme, kazi ambayo Elkington wa Birmingham walipata hataza yake 1840. Metali ya ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, haina fedha hata chembe. EPBM (electroplated Britannia metal) ni bati (tin) laini lililochovywa. Fundi wa Katwe akilipiga moto kuunga mpini, linayeyuka mkononi mwake, kwa hiyo lililovunjika liache. Tahadhari na herufi E, P, N, S zilizofungiwa kila moja kwenye kingao chake: zimepangwa hivyo zifanane na mihuri ya fedha halisi ya Uingereza, ambayo huwa na simba anayetembea. Na neno "Sheffield" peke yake linataja mji tu.

Hatua ya 2: Tafuta palipolika. Hapa ndipo pesa yako inapookolewa, kwa hiyo usikimbizwe na mtu. Weka kijiko mezani uone kinagusa wapi: kisigino cha mgongo wake. Huko ndiko fedha huisha kwanza, na kwenye uma ni nchani mwa meno. Futa hapo kwa kitambaa cheupe cha pamba chenye dawa kidogo ya kusafishia fedha. Weusi wa kawaida utahamia kwenye kitambaa na chini patatoka peupe. Pakibaki na rangi ya kijivu iliyoelekea umanjano, hiyo ni nikeli imeshachungulia. Kijiko cheusi tii chenye kisigino kizima nakichukua mbele ya kinachometameta lakini kimelika, na kwa kawaida ndicho cha bei nafuu, maana wateja wengi wanakikimbia.

Hatua ya 3: Mipini. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi. Ukiona kwenye kitako cha mpini mistari myembamba inayokatana kama wavu, hiyo ni pembe ya ndovu. Irudishe ulipoitoa. Sheria ya wanyamapori ya 2019 haina mchezo, na kisu cha keki hakifai kukupeleka mahakamani.

Hatua ya 4: Bei. Usikubali kuuziwa kwa uzito. Fedha iliyo juu ni utando tu, hailipi kuyeyushwa. Unalipia umbo, mtengenezaji na hali ya chombo.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja wa Jinja: Vijiko vyangu vimekuwa vyeusi kabisa. Nivisugue kwa majivu kama sufuria?*

Hapana mama, majivu yataondoka na fedha yenyewe. Chukua sufuria kuukuu ya alumini, weka maji yaliyochemka na vijiko viwili vya bikaboneti ya soda, ile ya keki. Tumbukiza vijiko viguse sufuria. Weusi ule ni salfa iliyoshikana na fedha. Alumini inaivuta, fedha inabaki. Sufuria itaharibika rangi, usishtuke. Visu vyenye mipini ya kujazwa usivitumbukize, maana gundi ya ndani hulegea kwa joto.

*Kaka wa Arua: Nimepata uma kutoka upande wa Kongo, una namba 90. Ni fedha asilimia tisini?*

Sivyo, kaka. Kwenye vyombo vya Ujerumani, 90 ni gramu za fedha zilizotumika kuchovya vijiko 12 na uma 12 vya mezani. Fedha halisi ya Kijerumani huandikwa 800. Lakini usivunjike moyo, 90 ni uchovyaji mzuri.

*Dada wa Mbale: Navifunga kwa raba vikae pamoja kabatini. Kuna ubaya?*

Raba ina salfa, itaacha mstari mweusi mgumu kutoka. Funga kwa utepe wa pamba. Na kijiko kilichopakulia mayai au chumvi kioshwe siku hiyo hiyo, kisilale kwenye karai.