Kula kwa Mtindo wa Paleo katika Mikahawa ya Kampala

Msafiri anayefuata mlo wa paleo huingia Kampala akihofia sahani zilizojaa ugali, wali na chapati, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa vyakula hivyo viko kila kona ya jiji. Hata hivyo, Kampala inamfaa mtu huyu kuliko miji mingi mikubwa ya ukanda wetu, kwa sababu chakula kikuu cha Buganda, yaani eneo la Waganda linaloizunguka Kampala, ni ndizi, si nafaka, na pembeni yake kuna viazi vitamu, magimbi, maboga, mboga za majani na samaki wa ziwani. Ugali unaonekana kwa macho na unaweza kuukataa kabla haujafika mezani. Kinachomnasa mgeni ni mchuzi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mchuzi.

Mlo wa paleo hujengwa juu ya nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi, korosho, lozi na mbegu. Huacha nafaka zote, jamii ya kunde, maziwa na mazao yake, sukari, na mafuta ya mbegu yaliyosafishwa kiwandani. Wazo lake lilipata nguvu mwaka 1985, wakati S. Boyd Eaton na Melvin Konner walipochapisha makala katika jarida la kitabibu la Marekani kuhusu lishe ya binadamu wa Zama za Mawe za Kale, kisha likaenea kwa watu wengi kuanzia mwaka 2002 kupitia maandishi ya Loren Cordain. Historia yenyewe ni pana kuliko kanuni hizi. Mwaka 2009 mtafiti Julio Mercader alieleza mabaki ya wanga wa mtama yaliyopatikana kwenye zana za mawe katika pango la Ngalue, mkoa wa Niassa nchini Msumbiji, yenye umri wa takriban miaka 100,000, kwa hiyo wahenga wetu wa upande huu wa Afrika huenda hawakuikwepa nafaka kabisa. Sisemi hivyo ili kumvunja mtu moyo, bali ili kila mmoja azichukue kanuni hizi kama utaratibu wa jikoni mwake, azifuate kwa uthabiti, na asiwahukumu wanaokula tofauti naye.

Jambo moja lazima liwekwe wazi kabla ya kuingia mkahawani. Karanga, ambazo wengi wetu huzihesabu pamoja na korosho, ni jamii ya kunde, na mlo huu huzikataa sawasawa na maharage. Katika nchi nyingine hilo lingekuwa jambo dogo. Nchini Uganda ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Namna ya kuagiza

Katika mkahawa wa kawaida wa Kampala, mlo una sehemu mbili: mmere, yaani vyakula vya wanga, na enva, yaani kitoweo, ambacho wahudumu wengi siku hizi hukiita sosi. Bei hufuata sosi, na mmere huja kwa mchanganyiko. Mteja asipotaja anachotaka, huletewa sahani yenye matooke (ndizi za kupika), wali, posho (ugali), viazi vitamu na pengine muhogo, vyote vikiwa vimegusana na vyote vikiwa vimemwagiwa mchuzi. Kwa hiyo taja mmere yako kwa majina na uombe sosi iletwe katika bakuli lake. Hakuna atakayeshangaa, kwa sababu wateja wa hapa wenyewe huchagua hivyo kila siku.

Matooke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya migomba kwa kawaida hayatiwi mafuta wala maziwa, na wengi wanaofuata paleo huyakubali kama wanavyokubali ndizi nyingine za kupika. Viazi vitamu, magimbi, viazi vikuu na boga havina tatizo lolote. Muhogo wa kuchemsha hukubaliwa na wengi, ilhali viazi mviringo vina ubishi, maana Cordain mwenyewe alivikataa na wafuasi wengine wakavirudisha. Vya kuacha ni wali, posho ya mahindi, kalo, yaani ugali wa ulezi, na chapati kwa sura zake zote, ikiwemo rolex, ambayo ni mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, na kikomando, ambayo ni chapati na maharage. Mwuza rolex, hata hivyo, anaweza kukukaangia mayai yenye nyanya, vitunguu na kabichi na kukupa bila chapati. Ukiwa na njaa saa nne usiku na mikahawa imefungwa, huyo ni msaada mkubwa.

Mchuzi

Binyebwa, yaani mchuzi wa karanga zilizosagwa, hupikwa peke yake kama sosi kamili, na hapo kuukwepa ni rahisi. Taabu ni kwamba karanga hizo hizo huingia ndani ya vitoweo vingine bila kutajwa. Samaki waliokaushwa kwa moshi hupikwa humo, na nyama iliyokaushwa vilevile. Malewa, yaani machipukizi ya mianzi kutoka Bugisu, mashariki mwa Uganda, huandaliwa mara nyingi kwa karanga. Malakwang, mboga chachu ya kaskazini, hutiwa odii, ambayo ni karanga na ufuta vilivyosagwa pamoja. Ufuta peke yake ni mbegu na unaruhusiwa; ukichanganywa na karanga, sahani nzima imetoka nje ya kanuni. Hata mboga za majani zinazoonekana safi zinaweza kuwa zimekolezwa kijiko cha karanga zilizosagwa. Kitoweo cha rangi ya kahawia iliyopauka au inayoelekea zambarau, kizito na laini, kikufanye uulize kabla ya kukigusa.

Baada ya karanga huja unga. Baadhi ya wapishi huufanya mchuzi wa nyama uwe mzito kwa unga wa ngano, na viungo vya unga vinavyouzwa kwa paketi huweza kuwa na wanga wa mahindi na sukari ndani yake. Mchuzi mwepesi wenye nyanya na vitunguu vinavyoonekana ni salama zaidi kuliko mchuzi mzito unaong'aa. Mafuta ni jambo la tatu, na hapa nashauri busara. Karibu kila mkahawa wa bei nafuu hupikia mafuta ya mbegu, na anayetaka kuyaepuka kabisa itambidi adumu na vyakula vya kuchemsha, vya mvuke na vya kuchoma. Mtu anayekaa jijini siku chache anaweza kuamua kwamba mboga zilizokaangwa kidogo hazimharibii mlo wake, mradi aepuke vile vinavyozamishwa katika mafuta yaliyotumika kutwa nzima.

Kitoweo kinachostahili safari yenyewe ni luwombo. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto hadi lilainike, nyama ya kuku, ng'ombe au mbuzi huwekwa ndani yake pamoja na nyanya, vitunguu na mchuzi wake, jani hufungwa kama mfuko, na mfuko huo hupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Husimuliwa kwamba mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ndiye aliyeubuni mwaka 1887. Kwa mtu wa paleo, luwombo ya kuku yenye supu yake, ikiliwa na matooke na mboga ya majani iitwayo nakati, ni mlo kamili usiohitaji kubadilishwa chochote. Lakini kuna luwombo ya karanga pia, na jani likishafungwa hakuna awezaye kulirekebisha. Kwa hiyo piga simu asubuhi, au bora zaidi siku iliyotangulia, useme unataka luwombo ya kuku isiyotiwa karanga. Mkahawa unaoheshimu kazi yake utakuwekea.

Mboga za majani za Uganda ni utajiri ambao wageni wengi huupita. Agiza dodo, ambayo ni mchicha, au nakati yenye uchungu wa mbali, au bbugga yenye majani mekundu, pamoja na ntula, yaani nyanya chungu. Mara nyingi hupikwa kwa mvuke juu ya matooke yenyewe, nayo ndiyo njia bora kuliko zote. Ongeza parachichi, ambalo hukatwa vipande na kuuzwa kwa bei ndogo, na utashiba vizuri bila wali.

Kuzungumza na mhudumu

Kiswahili kitakusaidia, hasa kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwezi Julai 2022 kiwe lugha rasmi ya nchi, lakini wahudumu wengi wa Kampala huzungumza Kiganda kwa wepesi zaidi. Anza kwa salamu, umwite mwanamume ssebo na mwanamke nnyabo, kisha ueleze haja yako. Kusema "sirya binyebwa", yaani sili karanga, na "sinywa mata", yaani sinywi maziwa, kunamaliza nusu ya kazi. Usitaje neno paleo, kwa sababu halimsaidii mpishi. Taja vitu vyenyewe. Tena usiulize swali la kukanusha kama "hakuna karanga humu?", maana ukijibiwa "ndiyo" hutajua kama zipo au hazipo. Uliza, "Mmepika kwa nini na nini?" na umwache mhudumu ahesabu mwenyewe. Akisita, mwombe kwa upole amuulize mpishi. Wahi pia kufika: chakula cha mchana hupikwa tangu asubuhi, na ukienda saa saba na nusu, mkahawa ukiwa umejaa, hakuna mwenye nafasi ya kukusikiliza.

Nyama choma, samaki na majiko ya kigeni

Jioni mambo huwa mepesi. Muchomo wa mbuzi, ng'ombe au kuku hupatikana kila mtaa, na huletwa na kachumbari pamoja na muhogo au gonja, yaani ndizi tamu ya kuchoma. Omba nyama itiwe chumvi tu, bila viungo vya paketi. Nyama ya nguruwe inapendwa sana Kampala na ina majiko yake maalumu, hivyo Mwislamu achague jiko la halali, ambalo si vigumu kulipata. Wandegeya inasifika kwa kuku wanaozungushwa motoni ndani ya kabati za kioo. Kuku huyo huja na chipsi, nawe uombe kachumbari na parachichi badala yake. Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mteja huchagua samaki wake akiwa mzima. Desturi ni kumzamisha kwenye mafuta, kwa hiyo sema mapema kwamba unamtaka wa kuchemsha na nyanya, au wa kuchomwa juu ya makaa. Msimu wa nsenene, hasa mwezi Novemba, usione haya kuwaonja panzi hao wanaokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na vitunguu: ni chakula cha kale kweli, na nina hakika hakuna kinachokaribia roho ya mlo huu kuliko hicho.

Kabalagala kuna mikahawa ya Kihabeshi, ambako unaweza kuagiza tibs, yaani vipande vya nyama ya kukaanga, bila injera, mkate wao wa nafaka, ukikumbuka kwamba hupikwa kwa samli na kwamba shiro ni unga wa dengu na jamii yake. Kisenyi, kwenye mikahawa ya Kisomali, Kiswahili hukubaliwa vizuri, na nyama ya mbuzi huja na wali ambao unaweza kuubadilisha kwa saladi na ndizi. Katika mikahawa ya Kihindi, nyama ya tandoori huloweshwa kwenye mtindi, na michuzi mingi ina krimu. Ya Kichina hutumia mchuzi wa soya, ambao una soya na kwa kawaida ngano. Mimi ningeiacha hiyo miwili.

Asubuhi na njiani

Hotelini, chukua mayai ya kuchemsha, kwa kuwa kimanda huweza kutiwa maziwa, na uache soseji, ambazo mara nyingi huchanganywa na makombo ya mkate. Nanasi, papai, tikitimaji na fenesi zitakutosha. Mkahawa wa mtaani una katogo, matooke yaliyopikwa sufuria moja na utumbo wa ng'ombe. Ni kifungua kinywa kizuri sana, ila hakikisha hakijapikwa kwa karanga au maharage. Chai iagizwe ya rangi, maana vinginevyo italetwa ya maziwa. Juisi huongezwa sukari. Agiza isiyotiwa, au kula tunda lenyewe.

Anayekuja kwa basi kutoka Nairobi hupita Namawojjolo, na anayetoka Mutukula hupita Lukaya. Katika vituo hivyo viwili wauzaji hulikimbilia basi wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, nyama na gonja. Nunua iliyo moto na iliyotoka jikoni wakati huo, na unawe mikono kwanza. Jijini nako, saladi mbichi ale yule anayeamini maji yaliyoziosha. Pengine ni salama zaidi kula mboga zilizopikwa na matunda unayoyamenya mwenyewe.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga ghafla akiwa safarini, kwa sababu dozi ile ile juu ya chakula kidogo inaweza kuishusha sukari hadi kiwango cha hatari. Azungumze na daktari wake kabla ya kuondoka, na siku za Kampala aendelee kula matooke au viazi vitamu katika kila mlo kwa kiasi alichokizoea.