Kitunguu saumu si dawa ya viroboto

Mwenye mbwa au paka, tafadhali usimchanganyie kitunguu saumu kwenye chakula ili kufukuza viroboto au minyoo. Ushauri huu umeenea sana, na wengi wanaoutoa wana nia njema. Lakini vitunguu saumu na vitunguu maji, viwe vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu za wanyama hawa, na paka ndiye huumia upesi zaidi. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: ufizi kupauka, mkojo kuwa mwekundu au wa kahawia, mnyama kulegea na kuhema. Ukiziona, mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Unataka njia isiyo na kemikali? Tafuta kitana chenye meno yaliyobanana, umchane kila siku, hasa shingoni na penye shina la mkia. Viroboto utakaowanasa watose kwenye maji ya sabuni. Matandiko yake yafue kwa maji ya moto kila wiki, maana mayai hayakai manyoyani. Hudondoka humo na kwenye zulia.